Vifaa vya AutoCAD Vinapochelewa Kufunguka: Namna ya Kutafuta Chanzo

Mchoraji akibonyeza kitufe cha kuchapisha na dirisha likachukua dakika nzima kufunguka, fikra ya kwanza inayomjia ni kwamba kompyuta imechoka, na ya pili ni kuulizia bei ya kompyuta mpya. Kwa niliyoyaona katika ofisi za usanifu majengo na upimaji ardhi hapa Unguja na kule Pemba, mara nyingi kompyuta yenyewe haina kosa. Programu imesimama inangojea kitu ambacho hakipo, au kinachokuja kwa shida: printa iliyozimwa, folda iliyokuwamo katika kompyuta nyengine ya ofisi, jibu kutoka kwenye intaneti dhaifu, au picha ya droni yenye uzito kuliko mchoro mzima ulioiambatisha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukijua kinachongojewa kabla ya kubadilisha chochote, kwa sababu mtu anayebadilisha mipangilio mitano kwa mkupuo mmoja, hata akifanikiwa, hatajua ni upi uliomfaa, na tatizo likirudi atalazimika kuanza upya.

Mifano yote inatoka katika AutoCAD, programu ya kuchorea michoro kwa kompyuta iliyoanza kuuzwa mwaka 1982 na ambayo wasanifu, wapima na wahandisi wetu wengi wanaifahamu. Majina ya amri nimeyaandika kwa herufi kubwa, kama yanavyochapwa kwenye mstari wa amri. Anayetumia programu nyengine atakuta majina tofauti, lakini njia ya kutafuta chanzo ni ile ile.

Pima kabla ya kugusa

Chagua kifaa kimoja tu kinachokusumbua, kwa mfano dirisha la kuchapisha, paleti ya leya (tabaka za mchoro) au uwekaji wa hachi (mistari ya kujazia eneo), kisha tumia saa ya simu kupima muda kinaochukua kufunguka, na uuandike. Kusema kwamba kitu "kinachelewa" hakumsaidii fundi utakayemwita, wala hakukusaidii wewe mwenyewe utakapotaka kujua kama marekebisho yamefaa. Kusema kwamba kinachukua sekunde 40 kunasaidia.

Baada ya hapo fanya majaribio matatu. La kwanza, fungua mchoro mpya mtupu na ukiite kifaa kile kile. Kikifunguka upesi huko na kikasuasua katika mchoro wako wa kazi, basi uzito umo ndani ya mchoro na huna haja ya kugusa mipangilio ya programu. La pili, kiite mara mbili mfululizo bila ya kuifunga programu. Ikiwa mara ya kwanza ni nzito na ya pili ni nyepesi, unachokiona ni upakiaji tu, jambo nitakalolieleza hapa chini. La tatu, ifunge programu, zima Wi-Fi na uchomoe waya wa mtandao, kisha uifungue tena na upime upya. Muda ukipungua sana, kinachongojewa kipo nje ya kompyuta yako.

Kipo kipimo kimoja zaidi ambacho kwangu kina thamani kuliko vyote. Kabla ya kukiita kifaa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ya Windows ifunguke, iweke pembeni mwa skrini, kisha itazame safu ya CPU wakati AutoCAD imeganda. Ikiwa AutoCAD inatumia asilimia 0 au 1 ya prosesa huku skrini imesimama, programu haifanyi hesabu yoyote, imekaa inangojea. Ikiwa inatumia prosesa kwa nguvu, basi inafanya kazi kweli, na sababu itafutwe katika uzito wa mchoro. Hapa panahitaji uangalifu, kwa kuwa AutoCAD hufanya sehemu kubwa ya kazi zake kwa kiini kimoja cha prosesa. Katika kompyuta ambayo Windows inahesabu prosesa 8, kiini kimoja kilichojaa kabisa huonekana kama asilimia 12 au 13 tu, na asiyejua hilo huiona namba hiyo ni ndogo na kudhani kompyuta imepumzika. Itazame pia safu ya diski. Ikikaa karibu na asilimia 100 kwa muda mrefu, ama diski ni ya kizamani na ya polepole, ama RAM (kumbukumbu ya kazi) imejaa na Windows inalazimika kuhamishia data kwenye diski.

Uchelewaji wa mara ya kwanza

AutoCAD haipakii vifaa vyake vyote inapofunguliwa. Sehemu kubwa ya vifaa imewekwa katika mafaili ya pembeni, ambayo huitwa pale tu mtumiaji anapotoa amri inayoyahitaji, na ndiyo maana amri ya kwanza ya siku ya kuweka hachi au kuchapisha huchukua sekunde kadhaa ilhali ya pili huja papo hapo. Huo si ugonjwa. Ikiwa uchelewaji wako ni wa namna hiyo na hauzidi sekunde chache, uache.

Ukizidi, angalia mambo mawili. Kwanza chapa DEMANDLOAD na uone thamani yake. Thamani ya kawaida ni 3, inayoiruhusu programu kupakia viambatanisho vyake mtu anapoita amri na pia anapofungua mchoro wenye vitu maalumu vya programu nyengine. Michoro ya barabara na mabomba iliyotengenezwa kwa Civil 3D, programu ya uhandisi wa ujenzi, hubeba vitu vya aina hiyo, na kuifungua kwa mara ya kwanza huwa kuzito kwa sababu hiyo. Pili, angalia diski. Upakiaji ni usomaji wa mafaili mengi madogo, na hapo ndipo diski ya SSD inapoipita diski ya kuzunguka kwa mbali sana. Ikiwa ofisi ina fedha za kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya kompyuta ya zamani, ushauri wangu ni SSD kabla ya kitu chengine chochote.

Printa isiyokuwepo

Nikiambiwa kwamba dirisha la PLOT au la PAGESETUP linachelewa, au kwamba kuhama kutoka Model (sehemu ya kuchorea) kwenda kwenye leyauti (ukurasa wa kuchapishia) kunachukua muda mrefu, huanza na printa. Kila leyauti hukumbuka printa iliyochaguliwa mara ya mwisho, na AutoCAD inapoifungua huiuliza Windows habari za printa hiyo: ipo, inakubali karatasi za ukubwa gani, mipaka yake ya kuchapisha ni ipi. Printa ikiwa imezimwa, au ikiwa ni plota (printa kubwa ya michoro) ya ofisi iliyoko Dar es Salaam ambayo mchoro ulitoka huko, Windows huitafuta mtandaoni mpaka ikate tamaa, na muda wote huo AutoCAD imeganda huku prosesa ikiwa kwenye asilimia 0.

Dawa yake ni kuifanya printa ya kawaida iwe ile isiyoweza kukosekana. Katika mipangilio ya printa ya Windows, ondoa alama kwenye sehemu inayoiruhusu Windows ijichagulie printa ya kawaida, kisha chagua Microsoft Print to PDF. Ndani ya AutoCAD chapa OPTIONS, nenda kwenye Plot and Publish, na uifanye DWG To PDF.pc3 kuwa kifaa cha kawaida kwa michoro mipya. Wengi wetu hatuna plota ofisini na hupeleka PDF kwenye duka la kuchapishia, kwa hivyo mabadiliko haya hayatupotezei kitu. Printa za zamani ambazo zimeshauzwa au kutupwa zifute kabisa kwenye orodha ya Windows.

Michoro ya zamani haitapona kwa hatua hizo, kwa sababu jina la printa limehifadhiwa ndani ya mchoro wenyewe. Fungua PAGESETUP, tengeneza mpangilio mmoja wenye printa ya None, uupe jina, kisha uutumie kwa kila leyauti. Zamu ya kwanza ya kazi hiyo itakuwa na uchelewaji ule ule unaoukimbia, maana bado utalazimika kupita katika leyauti moja baada ya nyengine. Vumilia, uuhifadhi mchoro, kisha uufungue tena na upime.

Folda, michoro ya rejea na njia zilizokufa

Ofisi inapohamisha kompyuta kuu, au inapobadilisha jina la folda ya pamoja, AutoCAD haiambiwi. Inaendelea kuitafuta pale pale kila inapohitaji fonti, aina ya mstari au kiolezo cha mchoro. Chapa OPTIONS, fungua sehemu ya Files, na uzipitie njia zilizoorodheshwa chini ya Support File Search Path, moja moja. Yoyote inayoanza na herufi ya diski ya mtandao au alama mbili za mkwaju wa nyuma, na ambayo haifunguki ukiiandika katika File Explorer, iondoe. Pitia pia njia za violezo na za paleti za vifaa, kwa sababu paleti inayofunguka kwa tabu mara nyingi inatafuta vielelezo vyake katika folda isiyokuwepo.

Dirisha la kufungulia mafaili nalo lina kasoro inayofanana na hiyo. Likichelewa, fungua This PC na uangalie kama kuna diski za mtandao zenye alama nyekundu ya mkasi. Zikate, kwa sababu dirisha hilo hujaribu kuzifikia zote kabla ya kukuonesha chochote.

Kisha kuna michoro ya rejea, yaani mafaili mengine yaliyoambatishwa kwenye mchoro wako. Chapa XREF, na paleti itakuonesha kila mchoro, picha na PDF iliyoambatishwa pamoja na hali yake. Kilichoandikwa Not Found kinatafutwa kila unapofungua mchoro. Ikiwa hukihitaji, kitoe kwa Detach. Ikiwa unakihitaji, kielekeze upya pahala kilipo. Ili jambo hili lisijirudie, weka REFPATHTYPE iwe 1, ili njia za rejea zihesabiwe kutokea folda ya mchoro wenyewe, na unapomkabidhi mwenzako kazi usimpe faili moja la DWG. Tumia ETRANSMIT, inayokusanya mchoro pamoja na rejea, picha na fonti zake katika kifurushi kimoja.

Usifungue mchoro moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Unakili kwanza katika diski ya kompyuta, ufanyie kazi huko, kisha uurudishe. Hali ni hiyo hiyo kwa folda zinazosawazishwa na OneDrive au Dropbox: faili linaweza kuonekana lipo ilhali halijashushwa bado, na AutoCAD ikaganda ikisubiri lishuke kutoka intaneti.

Intaneti dhaifu

Intaneti isiyokuwepo kabisa husumbua kidogo kuliko iliyopo kwa kudonoadonoa. Kompyuta isiyokuwa na mtandao hupata jibu la hapana papo hapo na programu ikaendelea na kazi. Iliyounganishwa na mtandao usiofika kwenye intaneti hungoja mpaka muda wa kusubiri uishe, kisha hujaribu tena. Ndiyo maana jaribio la tatu la hapo juu lina maana kubwa kwa mchoraji anayefanya kazi kwa intaneti ya simu akiwa eneo la ujenzi Makunduchi au Micheweni.

Ukurasa wa mwanzo wa AutoCAD ni mmoja katika vitu vinavyotaka intaneti, na unaweza kuondolewa kwa kuiweka STARTMODE iwe 0. Leseni za kulipia kwa mwezi au kwa mwaka nazo huhitaji kuunganishwa na intaneti angalau mara moja katika kila siku 30, kwa hivyo anayefanya kazi akiwa amezima mtandao asisahau kuuwasha pale anapopata mawimbi mazuri. Chanzo chengine kisichojulikana sana kimo katika Internet Options za Windows, sehemu ya Advanced, ambapo pana agizo la kukagua mtandaoni kama vyeti vya watengenezaji wa programu vimefutwa. Ukaguzi huo ni wa usalama na sishauri uondolewe moja kwa moja. Uondoe kwa ajili ya kupima tu, na ukiona ndio unaochelewesha, basi ufumbuzi wa haki ni kuutengeneza mtandao.

Uzito uliomo ndani ya mchoro

Jaribio la kwanza likionesha kwamba mchoro mtupu ni mwepesi na wako ni mzito, fanya nakala ya mchoro na ufanye kazi zote zifuatazo katika nakala.

Mchoro unaozunguka kati ya ofisi kwa miaka mingi hukusanya taka zisizoonekana kwenye skrini. AUDIT hukagua makosa na kuyarekebisha ukijibu Y. PURGE huondoa bloku (maumbo yaliyokusanywa na kupewa jina), leya, aina za mistari na mitindo isiyotumika, na inafaa irudiwe mpaka isipate kitu, kwa sababu bloku moja ikiondoka huziachia huru nyengine zilizokuwamo ndani yake. Kwa wengi kazi huishia hapo, nami naona hapo ndipo inapoanza. Andika -PURGE yenye kistari mbele, uchague R, ujibu nyota, kisha N. Hii huondoa majina ya programu yaliyosajiliwa ndani ya mchoro, ambayo yanaweza kufika maelfu bila ya mwenye mchoro kujua. Rudia -PURGE na uchague O, ili kuondoa mabaki ya mitindo ya mistari yaliyoletwa na michoro ya DGN (aina ya faili la programu nyengine ya kuchorea). Kisha fungua SCALELISTEDIT na ubonyeze Reset, kwa kuwa orodha ya vipimo vya michoro (kama 1:100) iliyojaa vipimo vya kurithi huzifanya paleti na menyu za vipimo zichelewe. OVERKILL hufuta mistari iliyolaliana, lakini itumie kwa makini, ukijua kwamba inaweza kuunganisha mistari uliyoikusudia iwe mbali mbali.

Paleti ya leya ikiwa ndiyo nzito, tazama vichujio vya leya upande wake wa kushoto. Kila mchoro unaobandikwa ndani ya mwengine unaweza kuja na vichujio vyake, na vikishakuwa vingi paleti huvihesabu vyote kabla ya kufunguka. Vifute.

Hachi ina kanuni yake. Unapobofya ndani ya eneo, AutoCAD hutafuta mipaka kwa kuchunguza vitu vyote vinavyoonekana kwenye skrini, na kwa hivyo hachi moja ya chumba cha choo inaweza kuigandisha programu ikiwa ramani nzima ya mtaa imo mbele yako. Sogeza picha ili eneo lako pekee lionekane, zima leya zisizohusika, au chora mpaka kwa polyline (mstari mmoja wa vipande vilivyoungana) na uuchague wenyewe badala ya kubofya ndani. HPQUICKPREVIEW ikizimwa, onesho la awali la hachi nalo halitakusubirisha.

Mlango wa kuchonga

Kuna uzito mmoja ambao ni wa kwetu hasa. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na anayechora ukarabati wa nyumba zake hana budi kuonesha milango ya kuchonga. Njia inayotumiwa na wengi ni kupiga picha mlango, kuipitisha picha katika programu inayoigeuza kuwa mistari, na kuingiza matokeo katika mchoro. Kinachoingia ni makumi ya maelfu ya vipande vidogo vya mstari kwa kila mlango. Milango ikinakiliwa mara kumi ikiwa imepasuliwa kwa EXPLODE, vipande vyote vinahifadhiwa mara kumi; ikiwa ni bloku, umbo linahifadhiwa mara moja tu na mengine ni kumbukumbu za pahala lilipowekwa. Hiyo ni sababu tosha ya kutopasua bloku ya mlango hata siku moja.

Hata hivyo bloku haitoshi, maana skrini bado inalazimika kuchora kila kipande. Fikiri karatasi itakavyokuwa. Nakshi yenye upana wa milimita 5, katika mchoro wa kipimo cha 1:100, itatoka kwa upana wa milimita 0.05, ilhali kalamu nyembamba inayotumika kwa kawaida ni ya milimita 0.13. Nakshi zote zitageuka kuwa doa jeusi. Chora basi milango miwili: mmoja mwepesi, wenye fremu, nguzo ya kati, mbao mbili na upinde au kizingiti cha juu, kwa ajili ya michoro ya sura ya jengo, na mwengine kamili, katika faili lake la pekee, kwa ajili ya michoro ya kina ya 1:10 au 1:5 atakayokabidhiwa seremala. Mlango kamili uuchore kwa mkono kwa kutumia tao na polyline juu ya picha, badala ya kuuacha ugeuzwe na programu. Kazi ni ndefu zaidi, lakini seremala ataweza kuusoma na kuupima, na hilo ndilo lengo la mchoro.

Picha za droni

Tangu mwaka 2016, mradi wa upigaji picha kwa droni chini ya Kamisheni ya Ardhi umevipatia visiwa vyetu picha za angani zenye ubora wa hali ya juu, na ni neema kubwa kwa anayepanga kiwanja. Tatizo huanza pale picha ya eneo zima inapoambatishwa kwa ajili ya kiwanja kimoja cha Fuoni. Hesabu yake ni nyepesi. Picha ya kilomita moja ya mraba, ambayo kila nukta yake ni sentimita 10 ardhini, ina nukta milioni 100. Kwa baiti 3 kwa kila nukta, ni takriban MB 300. Faili likiwa limebanwa linaweza kuonekana la MB 20 tu kwenye diski, lakini haliwezi kuoneshwa likiwa limebanwa, na mzigo halisi hujitokeza linapofunguliwa katika kumbukumbu ya kompyuta.

IMAGECLIP huficha sehemu usiyoitaka na kuliacha faili na ukubwa wake ule ule. Kata picha yenyewe kabla ya kuiambatisha: katika QGIS, ambayo ni ya bure, menyu ya Raster ina sehemu ya Extraction yenye kifaa cha kukata picha kwa mipaka, na viwianishi vya picha (namba zinazoonesha pahala pake ardhini) hubaki salama. Kata kiwanja pamoja na mita chache pembeni yake. Ndani ya AutoCAD, IMAGEQUALITY ikiwekwa Draft hupunguza kazi ya kuionesha picha, na usipoihitaji kwa saa chache, chagua Unload katika paleti ya XREF ili ibaki fremu tu.

Viwianishi vikubwa

Visiwa vyetu vimo katika ukanda wa 37 Kusini wa UTM (mfumo wa kupimia mahali duniani kwa mita), na mchoro wa mpima wa eneo la Mji Mkongwe huwa na viwianishi vya karibu mita 521,000 kwa mashariki na 9,318,000 kwa kaskazini. Msanifu akiubadilisha uwe milimita, namba ya kaskazini inavuka bilioni 9. AutoCAD yenyewe huhifadhi namba hizo kwa usahihi, lakini hesabu za kadi ya picha hazina tarakimu nyingi kiasi hicho, na matokeo yake ni mistari inayotetema, hachi zinazokataa au kuchelewa, na duara zinazovunjika. Usimsogezee mpima mchoro wake, kwa sababu viwianishi vile ndivyo vinavyokitambulisha kiwanja. Fanya nakala, isogeze karibu na 0,0 kwa umbali ulioandikwa wazi ndani ya mchoro, na chora jengo hapo.

Kadi ya picha, joto na umeme

Uchelewaji ukiwa katika kuzungusha, kusogeza au kukuza mchoro, chapa GRAPHICSCONFIG na uzime kwa muda matumizi ya kadi ya picha. Mambo yakiwa mepesi zaidi baada ya kuzima, draiva ya kadi ni ya zamani au haifai. Weka mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi, kisha uwashe tena. Kompyuta za mkononi zenye kadi mbili mara nyingi huiendesha AutoCAD kwa ile dhaifu. Katika mipangilio ya skrini ya Windows, sehemu ya Graphics, ichague acad.exe na uipe High performance.

Kompyuta ya mkononi isiyochomekwa kwenye umeme hupunguza kasi ili kulinda betri, na inayopata joto kupita kiasi hupunguza kasi ili kulinda prosesa. Katika miezi ya joto la kaskazi, ndani ya chumba kisichokuwa na kiyoyozi, kompyuta iliyowekwa juu ya kitambaa au yenye feni iliyojaa vumbi itaanza asubuhi vizuri na kuwa nzito kufikia adhuhuri. Katika Task Manager, sehemu ya Performance, tazama kasi ya prosesa kwa GHz. Ikishuka sana wakati kazi ni nyingi, isafishe feni kabla ya kulaumu programu.

Kuganda kunakojirudia kila baada ya muda ule ule ni hifadhi ya kujiendesha yenyewe, ambayo kwa kawaida hufanyika kila dakika 10 kwa mujibu wa SAVETIME. Pahala ambapo umeme unaweza kukatika bila ya taarifa, usiizime. Upunguze uzito wa mchoro, na hifadhi nayo itakuwa fupi.

Mafaili ya LISP yasiyojulikana

LISP ni lugha ya kuandikia programu ndogo za AutoCAD. Ukiona faili la acad.lsp, acaddoc.lsp au acad.fas katika folda za michoro yako na hukuliweka wewe, lichukulie kuwa ni hatari. AutoCAD inaweza kulisoma na kulitekeleza unapofungua mchoro, na vipo virusi vinavyosambaa kwa njia hiyo, vikijinakili kutoka folda moja hadi nyengine na kuchelewesha ufunguaji au kuharibu amri. Yafute kwenye flashi, kwenye folda za pamoja na kwenye diski, na uhakikishe SECURELOAD ipo 1 au 2.

Kurudisha mipangilio ya mwanzo

Hatua hii iwe ya mwisho, kwa sababu hufuta menyu, paleti na njia ulizozipanga. Chapa OPTIONS, sehemu ya Profiles, na uhifadhi wasifu wako kwa Export. Funga programu, kisha katika menyu ya Start ya Windows, ndani ya folda ya AutoCAD, chagua Reset Settings to Default. Pima tena kwa saa ya simu, katika mchoro ule ule na kifaa kile kile. Uchelewaji ukiondoka, usiurudishe wasifu wa zamani kwa ujumla wake, kwa sababu utaurudisha pamoja na kilichokusumbua. Rudisha njia na paleti moja moja kwa mkono, ukipima kila mara. Uchelewaji usipoondoka, mpelekee fundi nakala ya mchoro iliyofungashwa kwa ETRANSMIT, toleo la AutoCAD unalotumia, muda ulioupima katika majaribio yote matatu, na namba ulizoziona katika safu za CPU na diski wakati programu imeganda.